JE, WA PILI AMESHINDWA?



Simama kidogo. Soma karatasi hii hadi mwisho, haitakuchukua hata dakika kumi na tano. Nina swali moja tu la kukuuliza, nalo utalijibu upende usipende. Usipolijibu kwa mdomo utalijibu kwa namna unavyoishi. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyejitahidi kwa nguvu zake zote, kisha akapitwa na mwenzake mwishoni kabisa, JE, AMESHINDWA?

Usijibu haraka. Wengi hujibu haraka kwa kuwa wanadhani hili ni swali la wanamichezo. Hapana, ndugu yangu. Ni swali la mama aliyelima ekari tatu za mtama kule Bahi, akapalilia, akafukuza ndege, halafu mvua ikakatika kabla masuke hayajajaa. Ni swali la kijana aliyekosa nafasi ya sekondari kwa alama mbili. Ni swali la mtu aliyefikisha mahindi yake soko la Kibaigwa leo, wakati bei imeshuka jana. Ni swali lako wewe, maana sidhani kama yuko mtu anayesoma hapa ambaye hajawahi kukosa kitu kwa nafasi ndogo sana.

Sasa ili tusiongee hewani, nitakupa mtu mmoja tumtazame. Si mtu wa hadithi. Ni wa hapa hapa kwetu. Anaitwa JUMA IKANGAA, na alizaliwa Dodoma mwaka 1957.

HUYU NI NANI?

Vijana wengi wa leo hawamjui. Waulize wazee wao waliokuwa wanategea redio miaka ya 80. Ikangaa alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mtu mfupi wa kimo, na kazi iliyompa jina duniani ilikuwa kukimbia marathoni. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Hebu pima mwenyewe: ni karibu kama kutoka Dodoma mjini hadi Mvumi. Wewe ukienda huko kwa baiskeli unafika umechoka na vumbi limekujaa. Yeye aliumaliza mwendo huo kwa miguu ndani ya saa mbili na dakika nane!

Sasa angalia yaliyompata.

Oktoba 1982, mjini Brisbane, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ikangaa na Mtanzania mwenzake, Gidamis Shahanga, walitoka mbele mapema wakawaacha wengine wote. Shahanga akachoka, Ikangaa akabaki peke yake mbele. Kilometa za mwisho akatokea Robert de Castella, mwenyeji, anakimbia mbele ya watu wake wanaomshangilia. Akamfikia. Wakawa wanapokezana, mara huyu mbele, mara yule. Mwisho de Castella akamaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18. Ikangaa saa 2, dakika 9 na sekunde 30. Sekunde 12!

Desemba 1983, mjini Fukuoka, Japani. Ikangaa mbele tena, na nyuma yake Toshihiko Seko kama kivuli. Wakaenda hivyo mpaka uwanjani, mahali pa kumalizia. Hapo ndipo Seko alipochomoka. Sekunde 3!

Aprili 1988, mjini Boston, Marekani, kwenye marathoni ya zamani kuliko zote zinazokimbiwa kila mwaka duniani. Mkenya Ibrahim Hussein alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda huko. Ikangaa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. SEKUNDE MOJA! Piga hesabu uone: alikimbia sekunde 7,724, akakosa kwa sekunde moja. Kwa mwendo wao ule, sekunde moja ni kama mita tano na nusu. Hatua tatu, nne basi.

Akarudi Boston 1989. Akawa wa pili, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Akarudi tena 1990. Wa pili tena, nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki. Mara tatu mfululizo, mji ule ule, nafasi ile ile.

Jumlisha Brisbane, Fukuoka na Boston ya kwanza. Unapata sekunde 16. Ni muda wa kufunga kamba za viatu.

Sasa nakurudishia swali: mtu huyu ameshindwa?

MAJIBU MATATU YA HARAKA

Mtaani kwetu majibu hayakosekani. Nimekusanya matatu unayoyasikia kila siku. Yapime mwenyewe.

1. "Wa pili ni bure tu."

Hili ndilo jibu la baba ambaye mtoto amekuja mbio na karatasi ya shule, wa pili kati ya watoto tisini, na yeye hata hajasema ahsante anauliza, "Wa kwanza nani?" Uso wa mtoto unaanguka pale pale.

Msikilize huyu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 akiwa mbele toka mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia: dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, dakika 3 na sekunde 32.5. Rekodi ya zamani ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1. Umeelewa? Huyo wa pili NAYE alikimbia upesi kuliko rekodi ya dunia iliyokuwapo asubuhi ile! Angekimbia hivyo hivyo mwaka mmoja nyuma, angebebwa juu juu. Miguu ni ile ile, mapafu ni yale yale, jasho ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba siku ile Bayi naye alikuwapo. Sasa kama wa pili ni bure, ubure huo uliingia wapi katika mwili wa Walker? Hukuti mahali.

Tena jibu hili lina sumu ndani. Mtu akifundishwa tangu utoto kwamba wa pili ni bure, siku moja atajiambia: basi niwe wa kwanza kwa njia yoyote. Ndipo anapotafuta mtihani ulioibwa. Ndipo anapoweka jiwe chini ya mizani. Kule Seoul mwaka 1988 Ben Johnson wa Kanada alishinda mita 100, dunia nzima ikasimama. Siku tatu baadaye alinyang'anywa medali, kwa kuwa alikutwa na dawa zilizokatazwa mwilini. Katika michezo ile ile, Juma Ikangaa alikuwa wa saba kwenye marathoni. Haya, niambie: kati ya wa kwanza yule na wa saba huyu, ungependa kurudi nyumbani ukiwa nani?

2. "Kuna mkono wa mtu."

Hili nalo unalijua. Mtu akikosa mara tatu mfululizo, hakosekani wa kunong'ona: "Huyo kafungwa. Mara tatu jamani? Si bure." Na kuna watu wameuza mbuzi na hata shamba kwa sababu ya mnong'ono wa namna hiyo.

Basi tazama tarehe. Boston ya pili ilikuwa Aprili 1989. Boston ya tatu ilikuwa Aprili 1990. Katikati yake, tarehe 5 Novemba 1989, Juma Ikangaa alikuwa New York, kwenye marathoni yao kubwa. Siku ile aliondoka mbele wala hakuna aliyemfikia. Alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akaikata rekodi ya njia ile ya mwaka 1981 kwa sekunde 12. Rekodi yake ikakaa hadi mwaka 2001. Na hiyo si peke yake. Alishinda Tokyo mwaka 1984, akashinda tena 1986. Na Fukuoka kule kule alikopitwa na Seko, alirudi Desemba 1986 akashinda.

Kama alikuwa amefungwa, aliyemfunga alisahau siku nyingi mno! Hapana, ndugu. Mambo yale yana sababu zinazoonekana kwa macho: mwenzake alikuwa na kasi ya mwisho kuliko yeye. Ukishamtafuta mchawi hutamtazama tena mwenzako kwa haki, wala hutatazama maandalizi yako. Umejifunga mwenyewe.

3. "Alikosa akili. Kutangulia si kufika."

Hili ni jibu la wenye hekima kidogo, kwa hiyo tulipe nafasi. Wanasema hivi: huyu bwana alikuwa anatoka mbele mno. Wenzake wanajificha nyuma yake, anawakingia upepo, halafu mwishoni wanampita wakiwa na nguvu. Sisi wa Dodoma tunaujua upepo. Aliyewahi kuendesha baiskeli kutoka Chamwino upepo ukimjia usoni anajua tofauti ya kuwa mbele na kuwa nyuma ya mgongo wa mwenzio. Na asubuhi ya masika, anayetangulia njiani ndiye anayelowa umande; wanaofuata wanapita pakavu.

Ni kweli. Methali haisemi uongo, kutangulia SI kufika. Lakini na kufuata si kufika vilevile! Swali ni hili: wewe umepewa nini? Seko alikuwa na kasi ya mwisho. Hussein alikuwa nayo. Ikangaa hakuwa nayo ya kiasi chao. Sasa mtu asiye na kasi ya mwisho, akikaa nyuma akisubiri mita mia za mwisho, anasubiri nini? Anasubiri kupitwa. Njia pekee iliyokuwa wazi kwake ilikuwa kwenda mbele, aukaze mwendo mpaka wenye kasi wachoke kabla ya kufika. Aliijua silaha yake akaitumia. Brisbane haikutosha kwa sekunde 12. Boston haikutosha kwa sekunde 1. New York ILITOSHA. Njia ni ile ile moja!

Hapa ndugu yangu tulia, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

KILICHO CHAKO NA KISICHO CHAKO

Kama kukimbia mbele kulikuwa ujinga Boston, basi kulikuwa ujinga New York pia. Na kama kulikuwa ushujaa New York, basi kulikuwa ushujaa Boston pia. Huwezi kuliita tendo moja ujinga siku ya Aprili na hekima siku ya Novemba, eti kwa sababu siku moja nyuma alikuwapo mtu mwenye miguu zaidi na siku nyingine hakuwapo.

Mtazame huyo Bordin. Novemba 1989 mjini New York, Ikangaa alimwacha Bordin kwa dakika 1 na sekunde 39. Aprili 1990 mjini Boston, Bordin akamwacha Ikangaa kwa dakika 1 na sekunde 33. Ni miezi mitano tu imepita! Je, ndani ya miezi mitano Ikangaa aligeuka kutoka mtu wa maana akawa si kitu, na Bordin kutoka si kitu akawa mtu? Ukisema ndiyo, basi thamani ya mtu ni kama bei ya nyanya, inapanda asubuhi na jioni inashuka. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuishi kwa kipimo hicho. Utaamka kila siku hujui kama wewe ni mtu.

Kwa hiyo tugawe mambo mafungu mawili. Liko fungu lako: kuamka, kujiandaa, kuanza, kutokuiba, kutoa nguvu yote, kufika mwisho. Na liko fungu ambalo si lako peke yako: mvua, bei ya soko, mtihani wa mwenzako, miguu ya Ibrahim Hussein. Medali hutoka katika mafungu yote mawili. Heshima inatakiwa kutoka katika lile la kwanza. Sisi tunachanganya. Tunampa mtu heshima kwa fungu ambalo hakulifanya, na tunamnyima kwa lile alilolifanya.

Ndiyo maana Watanzania hatuoni haya kumtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico mwaka 1968 aliumia vibaya njiani, akafungwa bendeji mguuni, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, giza limeshaingia. Fungu la pili lilimkataa kabisa siku ile. La kwanza alilimaliza lote. Na mpaka leo jina lake linajulikana na watu ambao hawawezi kukutajia nani alishinda siku ile. Hata Mtume Paulo alipotafuta mfano wa maisha ya mtu alichukua mbio, na alizungumzia pia kuzimaliza.

LUGHA YETU IMESHALIONA HILI

Msikilize mtangazaji wa Kiswahili akisoma matokeo. Hasemi "aliyeshindwa wa kwanza". Anasema MSHINDI WA PILI! Mshindi. Neno hilo tumelizoea mpaka hatulisikii tena.

Na liko jingine. Jioni ukikutana na jirani unamsalimu, "Umeshindaje?" Humuulizi kamshinda nani. Unamuuliza mchana wake ulipitaje. "Mama kashinda shambani." "Mtoto kashinda na njaa." Kwa Kiswahili, kushinda ni kumpita mwenzako, na kushinda vilevile ni kukaa na kazi tangu jua linapochomoza mpaka linapotua. Mama wa Bahi ameshinda shambani msimu mzima. Mvua haikumalizia. Lakini hakuna jirani mwenye akili atakayemwambia kwamba hakushinda shamba. Na Juma Ikangaa, Boston, alishinda mbele.

LAKINI HADHARI!

Usichukue karatasi hii ukajifunika nayo kama blanketi. Nasema mambo mawili, shika yote.

Kwanza: wa pili si wa kwanza. Hussein alishinda kwa haki, na sekunde moja ni sekunde moja. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kumwambia mtu aliyekosa kwamba hakukosa ni kumdanganya, na uongo haumfariji mtu mzima. Mwambie ukweli wote: ulikosa, na ulichofanya kilikuwa chema. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Mtu ana kifua cha kuyabeba yote mawili.

Pili: faraja hii si ya mvivu. Liko neno linalojulikana duniani kuwa ni la Ikangaa mwenyewe, kwamba kutaka kushinda si kitu kama hutaki kujiandaa. Anayelala mpaka jua limepanda, halafu shamba likikauka anasema "ni fungu la pili hilo, mvua", huyo anaiba maneno ya watu. Fungu la kwanza hakulifanya. Ikangaa alikosa Boston 1988, akarudi 1989. Akakosa, akarudi 1990. Mvivu hukosa mara moja akapata cha kusimulia maisha yake yote.

SASA, WEWE JE?

Hili swali halimngoji Ikangaa. Yake ameshayakimbia. Linakungoja wewe, tena leo hii, kabla hujalala.

Yuko mtoto nyumbani kwako atakayeleta karatasi ya shule. Utamuuliza nini kwanza?

Yuko jirani ambaye biashara yake imekufa mwaka huu, na ulimwona akiamka alfajiri kila siku. Utampita kama mtu aliyeharibikiwa, au utamsalimia kwa heshima ile ile ya mwaka jana?

Na uko wewe mwenyewe. Liko jambo moja ulilolikosa kwa hatua tatu, nne, na umelibeba moyoni miaka. Kila ukilikumbuka unajiita mjinga. Leo ligawe. Weka upande mmoja kilichokuwa chako, na upande mwingine kisichokuwa chako. Kama katika kilicho chako ulifanya uvivu au hila, kubali, na urekebishe. Bado kuna Aprili nyingine. Lakini kama ulifanya yote, acha kujihukumu kwa miguu ya mtu mwingine. Mpe mkono aliyekupita, kwa moyo. Kisha kesho amka, vaa viatu, utoke mbele.

Na jioni mtu akikuuliza, "Umeshindaje?", mjibu bila kuona haya.

Ukishasoma karatasi hii usiitupe. Mpe na mwenzako.